Gari la kasi au la starehe? Mtihani wa mnunuzi wa Crown iliyotumika

MNUNUZI anayeingia katika yadi ya magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam, akiwa na fedha zinazozidi kidogo zile za gari la kawaida, mara nyingi hukutana na jina moja lenye sura mbili. Jina hilo ni Toyota Crown. Upande mmoja imesimama Royal Saloon, yenye grili ya kung'aa na viti vipana vya rangi ya maziwa. Upande wa pili imesimama Athlete, nyeusi kwa ndani, yenye rimu kubwa na taa za nyuma za mviringo. Muuzaji atamwambia kuwa yote mawili ni gari lile lile. Atakuwa amesema kweli kwa sehemu, lakini sehemu iliyobaki ndiyo itakayomgharimu mnunuzi huyo kwa miaka ijayo.

Crown ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1955, na kwa miongo mingi ilijulikana kama gari la wakurugenzi na watu wazima wenye nafasi zao. Toyota ilipotaka kuwavuta wateja wenye damu changa, toleo la mwaka 1999 liligawanywa katika safu mbili: Royal kwa wapenda starehe na Athlete kwa wapenda kasi. Mgawanyo huo uliendelea katika toleo la Desemba 2003, ambalo huku kwetu wengi hulifahamu kwa jina la Zero Crown, kisha katika lile la mwaka 2008 na lile la mwishoni mwa 2012. Mwaka 2018 majina yote mawili yaliondolewa. Kwa hiyo, anayetafuta Athlete au Royal Saloon leo hana njia nyingine ila kununua iliyokwisha kutumika.

Tuanze na jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosea. Hudhani kwamba tofauti ya magari haya imo ndani ya injini. Katika Zero Crown, Royal Saloon na Athlete zenye injini ya lita 2.5 hutumia injini ile ile ya silinda sita, yenye nguvu farasi 215. Athlete huizidi mwenzake pale tu inapokuwa na injini ya lita 3.5, iliyoingizwa mwaka 2005 na yenye nguvu farasi 315. Kwa nyingine zote, maana ya gari la kasi imo chini ya bodi: springi ngumu zaidi, shokapu kavu zaidi, na tairi nyembamba ubavuni.

Ubavu huo wa tairi unastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo hesabu rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa. Tairi la Athlete mara nyingi huandikwa 225/45 na huvalishwa rimu ya inchi 18. La Royal Saloon mara nyingi huandikwa 215/60 na rimu yake ni ya inchi 16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, na ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi la Athlete una kimo cha milimita 101, na wa Royal una milimita 129. Hizo karibu sentimita tatu za mpira na hewa ndizo zinazosimama kati ya rimu na shimo la barabarani. Katika lami laini ya Japani, ubavu mfupi huleta usukani mwepesi kuitika na gari lisiloyumba kwenye kona. Katika barabara ya mtaa yenye mashimo na matuta yasiyo na alama, ubavu huo huo hupasuka, rimu hupinda, na pigo ambalo tairi halikulimeza hupelekwa moja kwa moja kwenye bushi na viungo vya miguu ya mbele.

Si kwamba Athlete ni gari baya. Anayesafiri mara kwa mara kwa njia kuu, tuseme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, atafurahia jinsi inavyoshika barabara na inavyosimama bila kuinamisha pua. Lakini tuwe wakweli: katika maeneo ya makazi, ambako mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na katika foleni za jiji, ambako hata hiyo 50 ni ndoto, kinachohisiwa kila siku ni ugumu wa springi. Kasi yenyewe haionekani. Hata hivyo, sokoni Athlete ndiyo huuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa sababu ya sura yake. Kwa maoni ya mwandishi, mtu anayelipa ziada hiyo kwa gari la lita 2.5 la kuendea kazini ananunua grili, taa na maumivu ya mgongo.

Jambo la pili ni maisha ya gari kabla halijavuka bahari. Nchini Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Ndiyo maana wenye magari huyaachia mapema nayo huishia mnadani. Royal Saloon nyingi zilimilikiwa na watu wa makamo au kampuni, zikaendeshwa kwa utaratibu na kutiwa oili kwa wakati. Athlete iliwavutia zaidi vijana, na baadhi yao hawakuweza kuiacha kama ilivyotoka kiwandani: walikata springi ili gari lilale chini, wakabadilisha bomba la moshi, wakavalisha rimu pana kuliko inavyotakiwa. Athlete ambayo haijaguswa ni mali. Iliyochezewa inafaa kuachwa hata ikiwa rangi yake inang'aa kama kioo.

Ushahidi wa hayo hupatikana katika karatasi ya mnada, ambayo mnunuzi ana haki ya kumwomba muuzaji. Juu yake huwa na alama ya jumla: 4.5 na 4 ni gari zuri, 3.5 lina kasoro za kawaida za umri, na herufi R au RA humaanisha kuwa limewahi kugongwa na kutengenezwa. Mchoro wa gari ulio chini yake huonyesha A kwa mchubuko, U kwa bonde na W kwa sehemu iliyopigwa rangi upya. Kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na zile za dashibodi. Muuzaji akisema karatasi imepotea, bei nayo haina budi kushuka, ama mnunuzi aondoke.

Je, Royal Saloon haina mitego? Inayo, tena ile isiyoonekana katika mzunguko wa dakika kumi. Gari la kifahari huporomoka bei kwa haraka, lakini vipuri vyake haviporomoki nalo. Mtu hununua kwa bei ya gari kuukuu, kisha hulitunza kwa bei ya gari la mkurugenzi. Mfano mkali ni ndugu yake mkubwa, Crown Majesta, ambayo katika matoleo ya miaka hiyo hukalia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mfuko mmoja ukitoboka, asubuhi gari hukutwa limelala upande mmoja, na mafundi wengi wa gereji zetu za mitaani hawana la kufanya ila kupendekeza springi za kawaida. Kuna pia kero ndogo ya skrini: katika magari haya redio, ramani na mara nyingi kiyoyozi huunganishwa pamoja. Maandishi ni ya Kijapani, ramani ni za Japani, na redio ya FM huishia kwenye megahezi 90. Kwa kuwa vyote vimefungamana, kung'oa redio na kuweka nyingine si kazi ya nusu saa.

Kuhusu injini, mambo hayakukaa kama mtu anavyotarajia. Ile ya lita 2.5 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuzisafisha. Masizi hujikusanya, na gari huanza kutetemeka likiwa limesimama. Ile ya lita 3.5 ya Athlete ina seti mbili za vinyunyizio, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa, kwa hiyo haisumbuliwi sana na masizi. Kwa upande mwingine hutengenezewa petroli ya daraja la juu, na kiasi inachokunywa kwenye foleni kinatosha kumkumbusha mwenyewe kila wiki alichochagua.

Kodi nayo ina kichekesho chake. Nchini Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda injini inapozidi sentimita za ujazo 2,000, na gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Crown nyingi huangukia katika vikwazo vyote viwili. Athlete yenye turbo ya lita 2.0, iliyotoka mwaka 2015, ina sentimita za ujazo 1,998 tu, hivyo gari la kasi hulipa kiwango kidogo cha ushuru wa injini kuliko la starehe la lita 2.5. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato kilicho katika mtandao kitumike kabla fedha haijatumwa Japani.

Siku ya kulijaribu gari, injini ikutwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha mapema huenda ameficha mlio wa kukwaruza unaosikika kwa sekunde chache za mwanzo, dalili ya gia za kamshafti kuchoka. Chini ya pampu ya maji patazamwe kama pana ukoko wa rangi ya waridi. Kisha gari lipelekwe kwenye barabara ya vumbi, madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Bushi zilizokufa hazijifichi hapo. Mkono upitishwe upande wa ndani wa tairi za mbele: zikiwa zimelika huko tu, springi huenda zilikatwa au miguu imepinda.

Mwisho, boneti ifunguliwe na kibati cha kiwanda kisomwe. Wapo wanaochukua Royal Saloon, wakaivalisha grili na taa za Athlete kutoka maduka ya vipuri, kisha wakaiuza kwa bei ya Athlete ya lita 3.5. Katika Zero Crown, injini hiyo hutambulishwa kwa namba ya chesisi inayoanza na GRS184, na katika toleo la mwaka 2008 ni GRS204. Zikianza na GRS180 au GRS200, injini ni ile ya lita 2.5, hata muuzaji aape vipi.