Turkana: Kwa nini saa ya jua hutofautiana na saa ya mkononi

Saa ya mkononi inapoonyesha saa 6 kamili mchana mjini Lodwar, jua huwa bado halijafika kilele chake. Kwa wastani wa mwaka, hukifikia dakika 38 baadaye. Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi, hungojwa dakika 40 na ushei.

Kosa si la jua. Kenya, sawa na Uganda, Tanzania na Somalia, hufuata majira ya longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Dunia hujizungusha digrii moja kwa kila dakika 4, na Lodwar iko digrii 9.4 magharibi ya mstari huo. Mombasa, iliyo karibu nao zaidi, huchelewa dakika 21 tu.

Kwa Mwislamu, tofauti hiyo ya dakika 17 baina ya Mombasa na Lodwar si jambo dogo. Wakati wa adhuhuri huingia jua linapopinduka, wala si kabla. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 na kupokea Waislamu wengi kutoka Somalia na Sudan, anayefuata jedwali la nyakati lililochapishwa kwa ajili ya pwani anaweza kuswali kabla ya wakati. Kivuli cha kijiti hakina kosa hilo, kwani hupima jua la mahali kilipo.

Hata hivyo, saa ya jua ya kuagizwa Ulaya haiwezi kufaa Turkana. Ukingo unaotupa kivuli sharti uwe sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo pembe yake na ardhi hulingana na latitudo ya mahali. London ni digrii 51.5, Lodwar ni digrii 3.1 tu kaskazini ya ikweta. Ukingo wa Lodwar ungelala karibu chini kabisa, na mistari ya saa ingebanana: ule wa saa 9 ungeachana na wa saa 6 kwa digrii 3, ilhali London huachana kwa digrii 38. Nani angeisoma?

Dawa yake ni kuuinua ukingo wote juu ya bamba. Fundi huchukua bamba la chuma au ubao ulionyooka, upana sentimita 40 na urefu 60. Kwanza hutafuta kaskazini: husimamisha kijiti wima kwa timazi, huchora duara kukizunguka, kisha hutia alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo huelekea mashariki na magharibi. Unaoukata kwa pembe mraba huelekea kaskazini na kusini.

Bamba hulazwa urefu wake ukifuata mstari huo wa kaskazini, na upana wake husawazishwa kwa pima maji. Kisha ncha ya kaskazini huinuliwa sentimita 3.3. Kakuma, iliyo digrii 3.7, huhitaji 3.9. Juu ya mstari wa katikati huwekwa ufito mwembamba wa chuma, sambamba na bamba, kwa kimo cha sentimita 10.

Mstari wa katikati ni saa 6. Mistari mingine yote huenda sambamba nao, kwa umbali wa sentimita 2.7, 5.8, 10 na 17.3: upande wa magharibi saa 5, 4, 3 na 2 asubuhi, upande wa mashariki saa 7, 8, 9 na 10. Umbali huo ni kimo cha ufito mara tanjenti ya digrii 15 kwa kila saa. Saa 11 ingedai sentimita 37, hivyo huachwa nje ya bamba.

Anayetaka kuilinganisha na saa ya mkononi akumbuke kwamba jua lenyewe haliendi kwa mwendo mmoja. Katikati ya Februari huchelewa dakika 14 zaidi, na mwanzoni mwa Novemba huwahi kwa dakika 16. Jua la Lodwar hupinduka kati ya saa 6 na dakika 22 na saa 6 na dakika 52, kutegemea mwezi. Kwa swala, masahihisho hayo hayahitajiki.

Kuna siku mbili za pekee, karibu na Machi 28 na Septemba 14, jua linapopita juu kabisa ya Lodwar na mti uliosimama wima hukosa kivuli. Baina ya siku hizo kivuli cha adhuhuri huangukia kusini. Miezi mingine huangukia kaskazini. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, alasiri huingia kivuli kinapolingana na kimo cha kitu, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Siku ambayo cha adhuhuri hakipo, hakuna cha kuongeza. Kivuli cha ufito huwa kimefika sentimita 10, juu ya mstari wa saa 9 hasa, huku saa za mkononi mjini, ikiwa ni Machi, zikionyesha saa 9 na dakika 43.