Macho manjano, choo cheupe: Nyongo imekwama wapi?

Je, umewahi kumwona yule mdudu mwenye miguu mirefu akitembea juu ya maji ya kidimbwi bila kuzama? Hakuna muujiza hapo. Chembechembe za maji huvutana, na zile za juu kabisa hushikana hata uso wa maji ukawa kama utando mwembamba. Ukinyunyiza unga wa salfa juu ya maji safi, utaelea vivyo hivyo.

Sasa tia asidi za nyongo katika maji hayo. Asidi hizi hutengenezwa na ini kutokana na kolesteroli, nazo ni ndumakuwili: upande mmoja hupenda maji, upande wa pili hupenda mafuta. Kwa hivyo hukusanyika kwenye uso wa maji na kuulegeza ule mvutano. Salfa huzama.

Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu wetu wa maabara alitumia hila hii kupima mkojo. Mkojo wa mtu mwenye afya uliishikilia salfa juu. Wa mgonjwa ambaye njia yake ya nyongo imeziba uliiacha izame hadi chini. (Chombo kikibaki na sabuni kidogo kipimo hudanganya, na wengi wetu tuliaibika.) Siku hizi tunapima damu, lakini somo lile halijanitoka.

Kwa kawaida nyongo huteremka matumboni na kuyavunjavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo. Njia ikiziba, tuseme kwa mawe ya nyongo au uvimbe wa kongosho, hurudi katika damu na kutokea kwenye mkojo. Macho huwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, ngozi huwasha na choo hupauka. Ukiona hayo, usinunue dawa za malaria ukangoja.

Wanaonitia hofu zaidi ni watoto wachanga. Wengi huwa manjano kidogo baada ya kuzaliwa, kisha hupona. Lakini mtoto akiwa bado manjano baada ya wiki 2, au choo chake kikiwa cheupe, mama usikubali kuambiwa umwanike juani tu. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wa kuitengenezea nyongo njia nyingine hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Mpeleke hospitalini upesi, na ubebe nepi yenye choo hicho daktari akione kwa macho yake.