Pembeni, Mbali na Mpira

Mashabiki wa futiboli ya Australia wana njia ya mkato ya kumpima winga: wanahesabu amegusa mpira mara ngapi. Mara ishirini na tano, alicheza. Mara nane, alilala. Mimi ni dereva wa basi magharibi mwa Melbourne, mzaliwa wa Likoni, na kila Jumapili ya msimu klabu ya mtaa wetu hunipa daftari niwaangalie mawinga wa timu ya vijana, hao tu, mechi nzima. Kocha ana macho mawili na wachezaji kumi na wanane. Mawinga ameniachia mimi. Na kwa ninavyoona, hakuna hesabu inayodanganya uwanjani kama hiyo ya miguso.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: uwanja una umbo la yai, na urefu wake ni kati ya mita 135 na 185, kwa hiyo uwanja wa soka unaingia humo na nafasi inabaki. Mpira umechongoka ncha mbili. Unaupiga teke, au unaushika kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili. Kuurusha ni kosa. Ukikimbia nao sharti uudundishe au uuguse chini kila mita 15. Ukidaka teke la mwenzako lililosafiri mita 15 bila kuguswa na mtu, unasimama na kupiga teke bila kubughudhiwa. Kila upande una nguzo nne: mpira ukipigwa teke ukapita kati ya zile mbili ndefu ni goli, pointi 6, ukipita kando yake ni pointi 1. Robo ni nne, za dakika 20 kila moja, lakini katika ligi kuu, AFL, saa husimama mara kwa mara na robo hukaribia nusu saa.

Kila timu ina mawinga wawili, mmoja kila upande. Asidhani mtu ni winga wa soka wa kupiga chenga na kutia krosi. Huyu kazi yake ni kukimbia kwenda na kurudi, kutoka goli hadi goli, mchana kutwa. Tangu 2019 AFL ina sheria kwamba mpira unapoanzishwa katikati, kila timu iwe na watu sita mbele, sita nyuma na sita eneo la kati. Wanne kati ya hao wa mwisho hukaa ndani ya mraba wa katikati ya uwanja, na mawinga wawili nje yake, kulia na kushoto. Zamani makocha walikuwa wakimtuma winga nyuma akawe beki wa ziada hata kabla ya mpira kurushwa. Sheria ikamrudisha mahali pake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoiokoa nafasi hii.

Sasa njoo kwenye daftari. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, wazazi wote wanageuka huko. Mimi nabaki na kijana wangu huku, maana hapa ndipo anapopimwa. Je, amebaki wazi karibu na mstari, ili mwenzake akitaka kuuhamisha mpira upande amkute? Au ameshindwa kuvumilia, amevutwa katikati kwenye msongamano? Winga mchanga huvutwa. Anaona wenzake wakipigania mpira, damu inamchemka, anakwenda. Akifika kule anaongeza kichwa kimoja kwenye vurugu, na upande wake umebaki mtupu.

Mwezi Juni nilimwona kijana mmoja wetu, mwembamba, mguu wa kulia, akifanya jambo ambalo halikuingia katika takwimu yoyote. Robo ya pili, tunashambulia upande wa kushoto. Yeye kulia, mkono juu, hakuna anayemwona. Tukapokonywa mpira. Kabla mpinzani hajainua kichwa, kijana alikwishageuka. Alikimbia zaidi ya mita 70 kurudi, hakumfuata mtu wala mpira, alikimbilia pale patupu mbele ya mshambuliaji wao mkubwa. Mpigaji akamwona amesimama pale, akasita, akabadili shabaha, teke likaenda pembeni na beki wetu akalipangua kwa ngumi. Makofi yote yakamwendea beki. Nikaandika: "Dakika ya 11, karudi, kaziba." Hiyo ndiyo alama kubwa niliyompa siku ile.

Baada ya mechi mama yake, mtu wa Bukavu, akanifuata kwenye gari. "Papa, mtoto yangu leo amecheza namna gani? Mpira aliigusa mara chache sana." Nikamweleza habari ya upepo. Viwanja vya magharibi mwa Melbourne vina upepo wa kukata, na siku ile ulikuwa ukivuma kutoka kulia, ukiusukuma kila mpira mrefu upande wa kushoto. Winga wa kushoto alishiba mpira. Wa kulia alikuwa kwenye upande uliokufa. Ukiwalinganisha kwa miguso unapima upepo, si vijana. Alinitazama kama mtu anayefarijiwa tu, akasema, "Basi wamubadilishe upande." Sikuwa na jibu, ni pendekezo la maana, na makocha wakubwa hufanya hivyo.

Kuna pia udanganyifu wa upande wa pili. Wapo mawinga wanaopata mpira mara thelathini na bado hawaisaidii timu. Wanazungukazunguka nje ya msongamano wakingoja pasi za bure, kisha wanaurudisha nyuma au kando. Wazee wa hapa humwita mchezaji wa namna hiyo shakwe, ndege wa pwani anayengoja makombo ya chipsi. Kwa hiyo mguso nauandikia ulikwenda wapi: ulisogeza timu mita ngapi, uliingia ndani ya mita 50 za goli, uliangukia mikononi mwa mwenzetu au kwa adui?

Halafu pumzi. Katika ligi kuu wachezaji huvaa kifaa kidogo cha GPS mgongoni, kati ya mabega, na winga mzuri hufikia kilomita 14 katika mechi moja. Sisi hatuna kifaa, tuna macho. Namlinganisha kijana wa robo ya kwanza na wa robo ya nne. Je, bado anageuka mapema mpira ukipotea? Mikono ikishaanza kukaa magotini, mwili umesema. Ndiyo maana mtihani wa mbio za kilomita 2 unaheshimiwa sana katika mchezo huu. Anayeukimbia chini ya dakika sita huyo ni mkimbiaji kweli. Na pumzi ya aina hiyo haipatikani kwa likizo moja ya mazoezi. Ni misimu.

Kwa sababu hiyo mawinga wengi huiva wakiwa wamechelewa. Isaac Smith alipitwa na klabu zote za AFL akiwa kijana. Hawthorn ilimchukua mwishoni mwa 2010, akiwa karibu kutimiza miaka 22. Akatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Mwaka 2016, katika mchujo dhidi ya Geelong, king'ora cha mwisho kililia mpira ukiwa mkononi mwake, timu yake nyuma kwa pointi chache, akapiga, akakosa. Baadaye akahamia Geelong hiyo hiyo, na katika fainali ya 2022 dhidi ya Sydney alifunga magoli matatu na kupewa medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali. Alikuwa na miaka 33. Hakuna aliyewahi kuipata akiwa na umri mkubwa zaidi. Wa aina nyingine ni Peter Matera wa West Coast, aliyetoka pembeni akafunga magoli matano katika fainali ya 1992. Lakini Matera alikuwa na mbio za kuzaliwa nazo. Vijana wangu nawapa mfano wa Smith.

Hawautaki sana. Wanaotoka Afrika wanataka kuwa Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma na mwaka 2021 akaingia kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Aliir ni beki. Anaruka, anadaka, uwanja unalipuka. Ni nani atamlipukia mtu aliyeziba nafasi tupu? Hata hao wanaochagua kikosi bora mara nyingi wamewapachika viungo wa katikati kwenye nafasi za winga, jambo linaloniudhi.

Yule kijana wa Juni sasa amepanda. Msimu uliopita mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Sasa anapiga nao pasi za mita 30 zinazofika. Bado huvutwa katikati timu ikiwa nyuma, na akichoka teke lake hulegea. Kocha ameona miguu hiyo na anataka kumtia ndani ya mraba, awe kiungo, maana huko tuna upungufu. Nimepinga. Kifua chake hakijajaa, na watu wazito wa katikati watamwangusha mpaka apoteze hamu. Tumebishana kwenye maegesho ya magari mpaka taa za uwanja zikazimwa. Tumefikia hapa: robo tatu abaki pembeni, robo moja ajaribiwe ndani, na robo hiyo isiwe ya nne.