Kwa Baiskeli Hadi Fort Jesus: Zoezi la Wenye Presha na Kisukari

Wagonjwa wa presha na kisukari wanaonijia kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe hunipa jibu moja ninapowauliza kuhusu mazoezi: "Daktari, nafasi sina." Alfajiri huingia matatu, mchana kutwa hukaa dukani au ofisini kisiwani, na usiku hurudi kwa matatu. Nikiwatajia baiskeli, hucheka. Kwao baiskeli ni chombo cha muuza mkate na mchuuzi wa madafu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hesabu hiyo huogopesha, lakini safari mbili au tatu za kwenda na kurudi Mji wa Kale zinaweza kuitimiza. Misuli ya mapaja inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, na mishipa hutanuka hata presha ikashuka kwa saa kadhaa. Kwa mwenye magoti mabovu au uzito mwingi, baiskeli ni afadhali kuliko kukimbia, kwa sababu mwili hubebwa na kiti.

Kwa nini Mji wa Kale? Kwa sababu zoezi lisilokuwa na mahali pa kwenda huachwa wiki ya pili. Kule Japani, wageni wa mji wa Hagi hukodi baiskeli wakazunguka mitaa iliyokua kando ya ngome iliyojengwa mwaka 1604. Ngome hiyo ilibomolewa mwaka 1874. Yetu ingali imesimama, na ina umri mkubwa zaidi: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, na mle ndani maradhi yaliwamaliza watu wengi. Baadaye, kutoka 1895 hadi 1958, ilikuwa jela. Ninao wagonjwa, wenyeji wa Mtongwe, ambao mara ya mwisho kuingia humo walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi!

Mtu wa Likoni ndiye mwenye bahati. Kwenye feri atashuka na kuisukuma baiskeli yake, kisha ng'ambo ashike Mama Ngina Drive, penye mibuyu na upepo wa bahari. Wa Kisauni atavuka Daraja la Nyali, na hapo asijitie ushujaa wa kushindana na matatu. Wa Changamwe sitamdanganya: malori ya bandarini pale Makupa si mchezo. Asiyezoea aanze kwa mwezi mzima katika barabara ndogo za mtaani kwake, ndipo ajaribu Jumapili asubuhi akiwa na mwenziwe. Wote wavae kofia ngumu, na waondoke saa kumi na mbili na nusu, kabla magari hayajajaa.

Ukifika ngomeni, shuka. Barabara ya Mbarak Hinawy ni nyembamba, ina watoto na mikokoteni. Sukuma baiskeli upite Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa yapata 1570, yaani kabla ya ngome yenyewe, hadi kwenye bandari ya kale, kisha urudi kwa Ndia Kuu. Nyumba ndefu zilizokaribiana hukupa kivuli, mapigo ya moyo hushuka taratibu, na macho yana milango ya nakshi ya kutazama.

Hapo ndipo utakapoonyeshwa haluwa. Mwenye kisukari aipite. Dafu moja ni kinywaji kizuri, ila mgonjwa wa figo asilinywe bila kuuliza, kwa kuwa lina madini mengi ya potasiamu ambayo figo dhaifu haziwezi kuyatoa. Maji ni ya wote.

Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Kiti kiwekwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti limekunjika kidogo tu. Kiti cha chini ndicho huleta maumivu ya magoti ambayo watu huisingizia baiskeli. Anayejidunga insulini apime sukari kabla ya kuondoka na abebe glukosi mfukoni. Ambaye presha yake haijatulia, au aliyewahi kuugua moyo, aonane na daktari wake kwanza. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au jasho la baridi, shuka, keti kivulini, na uombe upelekwe hospitali mara moja; usingoje kufika nyumbani.

Safari ya kurudi ianze kabla ya saa tatu, hasa miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, jua linapochoma mapema. Ikiwa mkojo wa mchana huo ni wa rangi ya chai, maji uliyokunywa hayakutosha.