Kigari cha kutembelea: Pima kwanza, ndipo uvuke mpaka

BUJUMBURA. Mama mmoja muuza vitenge, mkazi wa Kinindo, ameizoea njia ya Kobero kwa miaka mingi. Alipovunjika nyonga, mwanawe alimletea kutoka Dar es Salaam kigari cha kutembelea: magurudumu manne, breki za mkono na kiti cha kupumzikia. Wiki moja baadaye kilikuwa kimeegeshwa kona ya sebule. Vishikio vilikuwa juu mno, magurudumu madogo yalinasa kwenye mawe ya barabara ya mtaani, na mlango wa choo haukukipitisha.

Kigari hakikuwa kibovu. Kilinunuliwa bila kumpima mama wala njia anazopita.

Kisa hiki kinawagusa wafanyabiashara wa mipakani, maana ndio wanaoagizwa vifaa hivi na jamaa na majirani. Dar es Salaam wengi hukiita woka, na hospitali za Bujumbura hutumia jina la Kifaransa, déambulateur.

Kabla ya safari, chukua vipimo viwili. Mtumiaji asimame wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia, kisha pima kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Vishikio vifike hapo, ili viwiko vipinde kidogo. Halafu pima upana wa milango ya nyumbani, ukianza na wa chooni.

Kwa barabara za mawe na vumbi, tafuta magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi. Soma pia lebo ya uzito kinaoweza kubeba.

Magurudumu manne hayamfai kila mtu. Anayeegemea kwa uzito wote kitamponyoka. Huyo hufaa zaidi fremu yenye magurudumu mawili ya mbele. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aulizwe kabla fedha hazijatoka.

Mpakani, kitamke kwa jina lake. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vigari hivi viko kifungu 9021, pamoja na magongo ya kutembelea, na ushuru wake wa forodha ni asilimia 0. Viti vya magurudumu vina kifungu chao, 8713. Kikiandikwa samani, unaweza kudaiwa ushuru usiostahili, kwa hiyo beba risiti inayotaja kifaa waziwazi. Usitegemee cheti rahisi cha uasili kwa kigari kilichotengenezwa China, hata kama umekinunua Kariakoo: cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya.

Kikishafika, mtumiaji anahitaji siku kadhaa za kukizoea. Atembee akiwa karibu nacho, asikisukume mbali mbele yake. Kabla ya kukaa, afunge breki zote mbili na arudi nyuma hadi miguu iguse kiti. Asisukumwe akiwa amekaa. Mzigo uwekwe kapuni chini ya kiti, kwani mfuko ukining'inizwa kwenye kishikio kigari huweza kupinduka.

Mama wa Kinindo sasa ana kigari kingine, chenye magurudumu makubwa na kilichopimwa. Kobero bado anamtuma mwanawe. Lakini mteja akibisha hodi, anatoka mwenyewe hadi getini, vitenge vikiwa kapuni.