Ufuo wa Mchanga wa Waridi: Bahamas au Komodo?

Umeweka akiba mwaka mzima, na sasa picha za ufuo wa rangi ya waridi zimejaa kwa simu yako. Kabla hujatuma pesa, hebu tulinganishe fuo mbili.

Harbour Island, Bahamas
Ufuo una urefu wa karibu kilomita 5. Rangi hutoka kwa maganda mekundu ya viumbe wadogo sana wa baharini, yanayosagika na kuchanganyika na mchanga mweupe. Dola moja ya Bahamas ni sawa na dola moja ya Marekani, kwa hivyo hesabu ni rahisi, lakini bei si mchezo. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba.

Komodo, Indonesia
Ufuo ni mdogo, na unafika kwa boti, wengi wakitokea mji wa Labuan Bajo. Weka kando rupia za kiingilio cha mbuga. Faida? Safari hiyo hiyo unaona mijusi wakubwa kuliko wote duniani.

Tunasemaje?
Unataka kupumzika tu na mfuko unaruhusu? Bahamas. Unapenda kuzunguka? Komodo.

Na pesa ya kushikilia chumba?
Usitume kwa namba ya mtu binafsi eti "ofa inaisha leo". Pigia hoteli kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN, na utunze ujumbe wa malipo. Pesa ikishafika kwa tapeli, kuirudisha ni kazi.