Kukata, Kupasua na Kupiga Randa: Maneno ya Useremala wa Nyumbani

Useremala ni kazi ya kutengeneza vitu kwa mbao, na anayeifanya huitwa seremala (wingi: maseremala). Wapo pia wanaoifanya nyumbani kwa kujiburudisha: mwalimu anayejitengenezea rafu ya vitabu jioni, au mstaafu anayechonga vigoda uani. Hawa hawakupitia mikononi mwa fundi. Hujifunza kwa maelekezo yaliyoandikwa, na mengi kati ya hayo yamefasiriwa. Hapo neno lisilo sahihi linaweza kumuumiza mtu.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata. Kijitabu cha msumeno wa meza nilioununua kiliniagiza "nisimame nyuma ya ubao" ninapoupasua. Nikatii. Ubao ukaibana diski, ukarushwa, ukanigonga mbavuni. Kanuni ya chombo hicho ni kusimama pembeni, nje ya mstari wa diski, kwa sababu ubao unaporushwa huufuata mstari huohuo. Ubao ukisukumwa kuelekea diski, "nyuma" yake ndipo hasa unaporushiwa. Mfasiri aandike: "Simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa msumeno."

Kukata na kupasua

Vitenzi hivi viwili huchanganywa mara nyingi, ilhali seremala huvitenga. Ufunguo wake ni nyuzi za mti, ambazo huelekea kule mti ulikokua.

*Kupasua* ni kugawa mbao kwa urefu, kwa kuzifuata nyuzi. Ndiyo maana husemwa kuwa gogo hupasuliwa ili kupata mbao. *Kukata* kunaweza kutumika kwa jumla, lakini kikiwekwa kando ya kupasua, humaanisha kuzikatiza nyuzi, yaani kuupunguza ubao urefu. Msumeno wa kupasulia una meno yanayofanya kazi kama patasi ndogondogo. Ule wa kukatia una meno yaliyonolewa kama visu. Anayeandika "kata" katika hali zote mbili humfanya msomaji achukue msumeno usiofaa.

Methali husema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hilo ni kweli kwa msumeno mrefu unaovutwa na watu wawili. Msumeno wa mkono ulio wa kawaida kwetu hukata unaposukumwa tu. Kuukandamiza wakati wa kuurudisha huyachosha makali bure.

Kupiga randa, si "kuranda"

Randa ni kifaa cha kulainishia uso wa ubao. Kitendo chake ni *kupiga randa*. Kitenzi *randa* kina maana nyingine: kutembea ovyo, kuzurura, na kwa kurudiwa ni *randaranda*. Kwa hiyo "fundi anaranda" huweza kueleweka kuwa fundi ameiacha kazi. Vivyo hivyo, husemwa *kupiga msasa*. Vitenzi vingine vina maana bainifu: *kuchonga* ni kuondoa sehemu ndogondogo ili kupata umbo, *kutoboa* hufanywa kwa keekee, *kukereza* ni kuchonga mti unaozungushwa na mashine, kama ilivyo kwa miguu ya viti ya mviringo.

Maneno ya usalama

*Maranda* ni mabaki ya mbao, hasa yale mepesi yaliyojikunja yanayotoka kwenye randa. Wafugaji huyatandaza katika mabanda ya kuku. *Vumbi la mbao* ni chembe laini zinazoelea hewani. Tofauti hii ina uzito wa kiafya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya uwazi wa pua. Onyo lisemalo "jihadhari na maranda" humfanya mtu afagie sakafu. Lisemalo "usivute vumbi la mbao" humfanya avae barakoa na kufungua madirisha.

*Butu* ni kivumishi kinachostahili nafasi katika kila mwongozo. Patasi butu ni hatari kuliko yenye makali, kwani humlazimu mtu kutumia nguvu, na nguvu ikizidi chombo huteleza. Patasi hunolewa kwenye *kinoo*.

Neno "glovu" nalo lisiandikwe bila sharti. Glovu hufaa wakati wa kubeba mbao zenye vibanzi. Karibu na diski au keekee inayozunguka huweza kunaswa na kuuvuta mkono. Mikono mirefu ya nguo na nywele zilizoachwa wazi ni hatari kwa namna hiyohiyo.

Ubao na mbao

*Ubao* ni umoja, *mbao* ni wingi. Vivumishi hubadilika: ubao mrefu, mbao ndefu, ubao mpana, mbao pana, ubao mkavu, mbao kavu. Kivumishi *-bichi* huweza kumtatiza mwanafunzi: ubao mbichi, mbao mbichi. Maumbo yanafanana, lakini viambishi vyake ni vya ngeli tofauti. Ubao mbichi ni ule ambao bado una maji mengi ya mti. Ukitumiwa hivyo, hunywea, hupinda au hupata nyufa baada ya kiti kukamilika.

Mti na tunda lake hubadilishana ngeli: *mwembe* huzaa *embe*. Mbao hazina jina jipya. Hubaki na jina la mti: mbao za mwembe, mbao za mninga.

Kuchagua mbao

Katika biashara ya kimataifa, "mbao laini" ni zile za miti yenye koni, kama msonobari, na "mbao ngumu" ni za miti yenye majani mapana. Mgawanyo huo ni wa kibotania. Balsa, mti mwepesi mno, umo katika kundi la pili. Msomaji wa Kiswahili huelewa "ngumu" kuwa ni ugumu wenyewe. Basi mfasiri aeleze kinachokusudiwa, au ataje mti.

Anayeanza atafaa kutumia msonobari, ambao sokoni Tanzania huitwa paini na hupandwa kwa wingi Sao Hill, Mufindi. Hukatika kwa urahisi, lakini huhitaji dawa dhidi ya mchwa. Mninga hupendwa kwa samani kwa kuwa hautikisiki sana unapokauka. Mvule hustahimili mchwa, ingawa mara nyingine huwa na chembe za chokaa zinazofifisha makali. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Ni mti wa wachongaji na wa zumari za kizungu, si wa rafu ya kwanza.

Kabla ya kununua, tazama ubao kwa urefu wake kuona kama umepinda, hesabu mafundo, kisha chunguza kama *umebunguliwa*. Kitenzi hiki chahusu wadudu watoboao mbao au nafaka, na ni sahihi zaidi kuliko "umeharibika": humweleza mnunuzi atafute vitundu vidogo na unga mlaini unaodondoka.